Chai Iliyogeuka Wino

Kila asubuhi Maswali alichota maji na kuandaa chai kabla ya kwenda shule. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, maana mdomo wake haukujua likizo: kuuliza tu, hata mama akimkataza. Asubuhi hiyo alirudi mbio, ndoo kichwani. Kisima kipya chini ya mlima kilikuwa kimefunguliwa, na maji yake yalikuwa meupe pe! Hakuna tena kupanda hadi chemchemi ya juu!

Aliyachemsha, akatia majani ya chai. Lo! Chai ikawa nyeusi ti kama wino.

"We mtoto, umemwaga majani yote?" mama alifoka, mdogo wake Maswali akiwa mgongoni.

"Hapana, mama. Kijiko kimoja tu."

"Usinidanganye! Haya, lete maji yaliyobaki ndooni nimkorogee mtoto uji."

Maswali aliumia. Yeye, mwongo? "Mama, ngoja kidogo tu!" Akachemsha maji ya chemchemi yaliyobaki mtungini tangu jana, akatia kijiko kimoja mbele ya macho ya mama. Chai ikatoka nyekundu.

"Si majani, mama! Ni maji!" Maswali aliruka kwa furaha. Mama aliitua sufuria ya uji.

"Mimina kila chai kwenye kikombe chake. Twende kisimani!"

Fundi wa maji alivitazama vikombe, akafunga pampu palepale. "Jamani, msinywe! Tulipima vijidudu tu, madini hatukupima."

Maji yakapelekwa maabara, na majibu yalitaja madini mawili: chuma, na risasi ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Fundi akanyoosha kidole mlimani, kwenye mgodi uliofungwa kabla hata bibi yake Maswali hajazaliwa.

"Wachimbaji waliondoka, mashimo yakabaki. Maji ya mvua huingia humo, hubeba madini, kisha hupenya chini ya ardhi hadi hapa. Hata ukiyachemsha, madini hayatoki. Chai imetuonyesha chuma tu. Risasi haionekani, ni lazima ipimwe."

Kisima kingine kilichimbwa ng'ambo ya bonde, mbali na mgodi. Safari hii madini yalipimwa kwanza. Siku ya kukifungua, Maswali alipika chai hapohapo. Ilipotoka nyekundu, vigelegele vilipaa!

Mama alimkumbatia. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mwongo, kumbe umemwokoa mdogo wako."

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kuuliza maswali?"

"Uliza, mwanangu! Kuuliza si ujinga," mama alicheka. "Ujinga ni kunywa maji kwa kuwa yanapendeza macho."