Mistari Thelathini ya Mkaa

Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumsukuma baba hadi kibaraza cha nyuma. Mama alimwinua kutoka kitandani, mimi nikashika kiti cha magurudumu kisiteleze, na baba akarudia mzaha wake wa kila siku: "Pakieni taratibu, mzigo huu unavunjika." Kisha mama aliingia ndani kwenye cherehani yake, nami nikabaki na baba tukitazama shimo.

Baba alikuwa dereva wa lori. Mwaka uliotangulia, lori lilikatika breki kwenye mteremko. Yeye alipona, miguu yake haikupona. Mtaalamu wa viungo hospitalini alisema miguu ile ingeweza kujifunza kusimama tena ndani ya maji tu, kwa mazoezi ya kila siku. Lakini bwawa la hospitali lilikuwa mbali, na kila safari ilimrudisha baba akiwa na maumivu ya siku mbili. Ndipo wazazi wangu wakaamua kujenga bwawa nyuma ya nyumba. Fidia yote ya ajali iliingia humo.

Halikuwa bwawa la fahari. Lilikuwa dogo, la zege, lenye mteremko wa kuingilia na kiti cha magurudumu, na mabomba ya kushikilia pande zote mbili. Fundi, mzee mwembamba mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji, alimpima baba kifua na viwiko akiwa ameketi palepale kitini.

"Nyoosha mkono, dereva. Tangu nianze kazi sijawahi kushona bwawa kama suti."

"Usinibane kiunoni tu," baba akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikamsikia mama akicheka jikoni.

Mimi fundi aliniita Injinia, kwa sababu ya maswali. Kwa nini nondo zinafungwa kama wavu? Kwa nini unagonga mbao za zege kwa nyundo? Alinijibu yote bila kuchoka. Siku alipomaliza kupiga lipu kwenye kuta, alizifunika kwa magunia yaliyolowa, akaniita.

"Injinia, lipu hii bado changa. Jua likiikausha haraka, itapasuka. Kwa siku kumi magunia haya yasikauke. Asubuhi, mchana, jioni, unamwagilia. Mimi naenda kumalizia msingi wa watu ng'ambo ya mto. Utaweza?"

"Nitaweza, fundi."

Akaokota kipande cha mkaa, akaniwekea mkononi. "Kila ukimaliza kumwagilia, chora mstari mmoja kwenye ukuta wa jikoni. Siku kumi, mistari thelathini. Nikirudi nitaisoma."

Siku mbili za kwanza nilifanya kazi kwa moyo wote. Mpira wa maji ulifika kwenye kuta tatu vizuri. Ukuta wa nne, ule wa mbali unaopigwa na jua mchana kutwa, haukufikiwa na mpira. Huo ulitaka ndoo, na ndoo ilipaswa kupandishwa juu ya lundo la udongo. Ndoo nne asubuhi, nne mchana, nne jioni. Mabega yaliniuma. Siku ya tatu, saa ya mchana, jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuwa amewasha runinga na tamthilia imefika patamu. Nilimwagilia kuta tatu haraka, nikautazama ule wa nne, nikajiambia nitaumwagilia jioni.

Kisha nikachora mstari.

Jioni haikufika. Yaani, ilifika, lakini mimi nilikuwa nimeshaona kwamba mkaa unachora hata kama ndoo haijanyanyuliwa. Kuanzia hapo ukuta wa nne haukupata tone. Mistari iliendelea, imenyooka kama askari wa gwaride. Baba, kutoka kibarazani, hakuweza kuona ndani ya shimo. Aliona mistari tu.

"Ishirini na saba!" alihesabu. "Binti yangu, ukiwa dereva utafika safari zote."

Nilicheka naye.

Siku kumi zilipotimia tuliondoa magunia, mama akayatupa nyuma ya jiko, tukaanza kujaza maji. Jioni yalikuwa yamefika kwenye msumari ambao fundi aliupigilia kuwa alama. Baba aliomba asogezwe ukingoni, akatumbukiza vidole, akayakoroga maji taratibu.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka kiganja kizima. Mchana, viganja viwili.

Fundi aliitwa. Maji yalipopungua zaidi, ukuta wa mbali ulionekana: nyufa nyembamba kama nywele zimetapakaa kote, kama utando wa buibui. Fundi aliukwaruza kwa kucha, ukatoa unga.

"Saruji yangu umeipeleka wapi?" baba aliuliza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilinitisha kuliko kelele.

"Nimeitia yote, dereva. Kuta zote nne ni mchanganyiko mmoja."

"Mbona huu unatoa unga? Usiniambie haukumwagiliwa." Akanyoosha kidole ukutani jikoni. "Mistari hii hapa. Thelathini! Mtoto amefanya kazi yake. Wewe je, mtu mzima?"

Fundi aliitazama mistari. Akaenda nyuma ya jiko, akainama kwenye magunia. Yale ya kuta tatu yalikuwa meusi, yameoza kwa unyevu, yananuka ukungu. Ya ukuta wa nne yalikuwa makavu, kama yametoka dukani. Aliinua moja, akalinusa, kisha akanitazama. Nilitazama miguu yangu. Nikangoja aseme.

Fundi alilikunja gunia lile polepole, akaliweka kwapani.

"Labda ni mkono wangu, dereva," alisema. "Uzee nao."

"Ondoka kwangu," baba akasema.

Tangu siku hiyo baba hakuomba tena kupelekwa kibarazani. Alilala amegeukia ukutani. Habari nazo zilipita ua kwa ua. Jirani muuguzi alikuwa amepanga fundi yuleyule amjengee tangi la maji. Nilimsikia akimwambia mama, "Mimi sitaki mtu wa kuiba saruji. Nimeshampata mwingine." Mama aliitikia, mimi nikaingia chumbani nikafunika kichwa kwa mto.

Siku ya nne mama alinituma duka la vifaa kununua misumari ya kukarabatia mlango. Nje ya duka lile mafundi huketi wakingoja watu wenye kazi. Fundi alikuwepo. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko wake umesuguliwa ukang'aa, zana zake zimefungwa ndani ya gunia kavu nililolijua. Vijana wapakiaji walikuwa wakimsuta kwa jina jipya walilompa kwa sababu ya bwawa letu lililovuja.

"Chujio! Leo tena hujapata kazi?"

"Atapata wapi? Labda kwa watu wanaotaka kuchuja nazi!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi alitazama barabara kana kwamba hasikii. Nilimsogelea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Injinia. Baba hajambo?"

Kuulizwa hivyo kulinichoma. "Uliliona gunia," nikasema. "Kwa nini hukusema?"

"Yule ni mtu aliyepoteza miguu. Nikamwambie siku hiyohiyo kwamba na mtoto wake ni mwongo? Nilishindwa. Halafu nilikupa kazi ya mtu mzima, sikurudi hata siku moja kuangalia. Hilo ni kosa langu mwenyewe." Akapangusa mwiko ambao haukuwa na uchafu. "Lililobaki si la kusema mimi."

Nilirudi mbio, na misumari sikununua. Baba alikuwa amelala vilevile. Nilisimama mlangoni, kwa sababu kumkaribia nisingethubutu.

"Baba, ukuta wa mbali niliumwagilia siku mbili tu. Mistari mingine niliichora bure."

Hakugeuka. Nilimwambia yote: ndoo, tamthilia, gunia, Chujio. Nilipomaliza, nikasikia cherehani ya mama ikisimama chumba cha pili.

"Nilimwita mwizi," baba alisema hatimaye. "Kwa mistari yako." Kisha: "Nileteeni kiti."

Njia ya dukani ilikuwa ya mawe na makorongo. Mama alisukuma, mimi nikavuta mbele, na kila tulipogonga jiwe baba aliuma meno. Hakutoa mzaha wowote. Tulipofika, vijana walisogea kando.

"Sema," baba akaniambia. "Kwa sauti ile waliyotumia kumcheka."

Nilisema. Sauti niliifikisha mpaka mlangoni pa duka. Baba naye akafuata: "Fundi, nilikuvunjia heshima nyumbani kwangu, nami nakuomba radhi hapa mbele ya watu. Hukuniibia kitu. Rudi umalize bwawa langu, tafadhali."

Fundi aliinuka, akabeba gunia lake la zana. Mmoja wa vijana alimsaidia kubeba ndoo, bila kumtazama usoni.

"Zege lenyewe ni zima," fundi alisema baadaye, akiwa ndani ya shimo. "Ni lipu ya ukuta huu tu. Tutaibomoa, tupige nyingine."

Tuliibandua pamoja, mimi nikizoa vifusi hadi viganja vikatoka malengelenge. Kisha zikaja siku kumi nyingine. Ndoo nne, mara tatu kwa siku, juu ya lundo la udongo. Safari hii fundi alipita kila jioni kugusa magunia, na mama alinipokea ndoo moja moja.

Maji yalipojazwa tena yalifika kwenye msumari, yakakaa. Siku ya tatu bado yalikuwa pale. Baba alishushwa kwenye mteremko, akashika mabomba, na miguu yake ikagusa sakafu. Hakusimama. Alitetemeka tu, uso umejaa jasho, akisema, "Kesho tena." Jirani alimwachia fundi mwingine kazi ya tangi lake, hata baada ya mama kwenda kumweleza. Wako watu mtaani wanaomwita Chujio mpaka leo.

"Sikiliza, mwanangu," baba aliniambia jioni hiyo, taulo mabegani. "Uvivu wako tuliurekebisha kwa siku kumi na mifuko miwili ya saruji. Ungeniambia siku ile ya tatu kwamba umechoka, tungekusaidia, basi, yangeishia hapo. Ila uongo ulichukua jina la mtu, na jina halina lipu ya kupigwa upya. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa. Hakuna atakayekufukuza humu ndani kwa hilo."

Nilitaka kuipaka chokaa mistari ya zamani. Baba alikataa. Iko bado ukutani jikoni, na kando yake kuna mingine thelathini, ya zile siku kumi za pili. Mgeni akija hawezi kuitofautisha. Mimi naweza, hata nikifumba macho.