Kalamu Iliyonuka Omena

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Busia, upande wa Uganda, walikizunguka kishikwambi cha shule kama kuku waliomwagiwa mtama. Kishikwambi kilikuwa kimoja. Vidole vilikuwa mia nne. Kati ya vidole hivyo, cha Resty ndicho kilichosifika. Alikigusa kioo, akachora ng'ombe, na ng'ombe huyo alikaribia kulia.

Muhula huu akatokea Aboth na kalamu isiyo na wino, nyembamba, yenye ncha ya mpira, zawadi ya shangazi yake. Ilipogusa kioo, mstari ulitoka mwembamba kama unywele. Mwalimu Odoi alipotangaza kwamba mchoraji mmoja tu angekwenda kwenye mashindano Tororo siku ya Ijumaa, macho yote yakamgeukia Aboth.

"Pole, Resty," Allan, mwenzao wa darasani, akamtania. "Kidole chako kimestaafu!"

Resty alicheka pamoja nao, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Moyoni wivu ulichemka kama maharage. "Si mkono wake, ni kalamu tu," alijiambia. "Ningekuwa nayo mimi, wangeona!"

Jumatano Aboth alikwenda kunawa mikono, akaiacha kalamu juu ya dawati. Aliporudi haikuwapo. Ilikuwa ndani ya soksi ya Resty.

Jioni Resty alichukua simu ya mama yake akaanza kuchora Jiwe la Tororo, ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji. Maajabu! Jiwe likatoka kama ugali ulioanguka. Akafuta, akachora tena; sasa likawa kama ndala. Aliikaza kalamu kana kwamba anatwanga muhogo, nayo ikazidi kuteleza. Mara akasikia miguu ya mama mlangoni. Kwa hofu akaichomeka ndani ya gunia la omena, wale dagaa wakavu ambao mama yake aliwauza.

Asubuhi gunia halikuwapo. Mama alikuwa ameshalipakia kwenye baiskeli na kuvuka mpaka kwenda soko la Busia ya Kenya. Kalamu ya Aboth ilikuwa imefika nchi ya watu!

Darasani macho ya Aboth yalikuwa mekundu. Mwalimu Odoi aliuliza, akatafuta, akachoka. "Basi," alisema, "kesho atakwenda Resty."

Resty alipata alichokitaka, lakini hakikumezeka. Mbaya zaidi, Aboth alimsogelea akamnong'oneza, "Nenda ukatushindie. Ila ulegeze mkono. Ukiukaza, mstari unaogopa."

Kabla Resty hajajibu, sauti ilisikika mlangoni. "Hodi, Mwalimu!"

"Karibu, Mama Resty."

"Mteja wangu wa ng'ambo amenirudishia samaki huyu. Anasema hana macho, hana mkia, na hatafuniki." Mama akaichomoa kalamu. Darasa likaangua kicheko. "Halafu nimekuta mtu amechora ndala kwenye simu yangu."

"Si ndala, Mama, ni Jiwe la Tororo!" Resty aliropoka, kisha akaziba mdomo.

Mama akamkazia macho. "Haya, na samaki ni wa nani?"

Ulimi wa Resty ulikuwa umeshaandaa uongo: niliiokota njiani. Akamtazama Aboth, yule yule aliyetoka kumwombea ushindi.

"Ni ya Aboth," alisema, machozi yakimlenga. "Niliiiba. Nilimwonea wivu. Nisamehe, Aboth. Safari ya Tororo ni yako."

Aboth aliipokea, akainusa, akakunja uso. "Nimekusamehe. Lakini majaji watadhani nimekuja kuuza samaki!"

Ijumaa Aboth alikwenda Tororo, na Resty akabaki kufagia darasa, adhabu ya Mwalimu Odoi. Jioni Aboth alirudi na nafasi ya pili, pamoja na paka mmoja aliyemfuata kutoka kituoni hadi kwa kina Resty.

"Kuanzia Jumatatu tutachora kwa zamu," Aboth alisema. "Nitakufundisha kuishika. Ila kwanza iondoe harufu!"

Mama, aliyekuwa akifunga gunia lingine, alitikisa kichwa. "Mwanangu, wivu ni kama omena. Ufunge guniani, uufunike kwa turubai, harufu itatoka tu. Mwenzako akikuzidi, usimwibie kalamu. Mwombe akuonyeshe anavyoishika."

"Nimesikia, Mama," alisema Resty, akaenda kutafuta sabuni. Paka akamfuata.