Mama wa Kwenye Gemu

Nyumba ya Hiske pale Sneek, mji wa mifereji huko Uholanzi, wapendwa, ilikuwa nyumba ya watu. Siku Wietske, bintiye wa pekee, alipotimiza miaka ishirini na minne, viti kumi na kimoja vilipangwa duara sebuleni tangu saa saba mchana, kahawa inanukia, keki imekatwa, kila mtu na kipande chake kimoja. Kila aliyeingia alizunguka duara lote akishika mikono: hongera kwa binti yako, hongera kwa mpwa wako, hongera kwa jirani yako. Hiske alizipokea zake kama bibi harusi.

"Mama, ongeza kiti kimoja," Wietske alimwambia jikoni.

"Cha nani?"

"Kuna mtu anakuja saa tisa. Utamwona."

Hiske aliongeza, lakini makoti ya wageni yalipozidi akayarundika hapo hapo. Kikumbukeni hicho kiti.

Maneno yakaangukia gemu. Mwaka ule mji mzima ulikuwa ukicheza gemu moja, hadithi ya wasichana wawili wanaoteleza kwenye barafu ya mifereji mpaka wanapendana, na mchezaji ndiye anayewachagulia la kusema. Gerbrich, jirani mjane wa miaka sabini na moja, alisema ameimaliza mara mbili na kulia mara mbili. Baukje, wifi yake Hiske, alisema yeye aliipendea barafu, hao wasichana hawakumhusu. Mumewe Douwe, mjomba mtu, ambaye mdomo wake haulali, akadakia:

"Mimi niliifuta walipobusiana. Nanunua gemu ya kuteleza, naletewa posa."

"Basi hukufika kwa mama wa mmoja wao," Gerbrich alisema. "Pale binti anapomwambia ukweli. Yule mama anamjibu, 'Kaa, kahawa inapoa. Jumapili umlete.' Hasemi zaidi ya hapo."

Wietske aliacha kula. Akamtazama mama yake.

Hapa ndipo pa kusikiliza, ndugu zangu. Hiske hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kuchekesha, na duara zima lilikuwa limemgeukia.

"Huyo mama katungwa na mtu asiye na watoto," alisema. "Wangu aniletee hayo? Kahawa ataenda kuinywea barabarani, na mlango nitaupiga makomeo mawili."

Duara likaangua kicheko. Douwe alijipiga goti. Baukje alimwagikiwa na kahawa.

"Mama," Wietske aliuliza taratibu, "unasema kweli?"

"Aa, kula keki yako bwana. Kwani na wewe unacheza upuuzi huo?"

Wietske aliweka sahani chini. Akaenda kwenye kile kiti, akaondoa makoti moja moja mpaka akafikia lake, akalivaa.

"Naenda kumwambia mtu asije."

Ni Gerbrich aliyeona dirishani: msichana kasimama darajani na baiskeli, maua mkononi. Wakaongea kidogo. Kisha Wietske akapanda nyuma, wakaenda. Maua yalibaki kwenye ukuta wa daraja.

Ulikuja ujumbe mmoja tu: yuko salama, asitafutwe.

Wiki ya tatu Hiske alimwita Gerbrich chumbani kwa binti, amwashie ile mashine ya gemu. Ikatokea orodha ndefu.

"Hii ni nini, jirani?"

"Ni mahali alipohifadhi mchezo, ili aweze kurudi."

Walihesabu mara thelathini na moja. Zote ni mahali pamoja: jikoni, dakika moja kabla yule binti wa kwenye gemu hajamwambia mama yake ukweli. Ya mwisho ilikuwa asubuhi ya ile siku yake ya kuzaliwa.

"Kwani alikwama?"

"Hapa hapakwamishi mtu," Gerbrich alisema. "Alikuwa anarudi kumsikia huyo mama."

Hiske alibonyeza. Yule mama akasema, kaa, kahawa inapoa, Jumapili umlete.

"Rudia," Hiske alisema.

Walirudia mpaka vikombe vyao wenyewe vikapoa. Jioni ile Hiske alimwandikia bintiye: Mlete Jumapili. Aliandika tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Hakujibiwa.

Mwaka ulipozunguka, Hiske alipanga viti kumi na viwili na kukata keki. Walikuja watatu: Douwe, Baukje na Gerbrich. Douwe alisimama mlangoni na mkono wake umenyooka nusu, hajui aupeleke wapi. Makoti yao waliyaweka sakafuni. Ndipo Gerbrich akamshika Hiske mikono yote miwili.

"Hongera kwa binti yako," alimwambia.

Hiske alitikisa kichwa, akakaa, akabaki kukitazama kile kiti cha kumi na mbili.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto hakuulizi siku zote kwa mdomo wake. Wakati mwingine anatega sikio asikie unasema nini juu ya watu wa kwenye gemu, wa kwenye runinga, wa nyumba ya pili, na unachowatupia wao anakibeba yeye kama jibu lake. Wewe utasahau ulichekesha nini. Yeye atakumbuka nani alicheka. Kabla hujawafurahisha wageni, angalia kwanza ni nani ameacha kula.