Majina na Siku Tu

Kadzo alikuwa karani wa zahanati moja ndogo ya Bondeni. Kila Ijumaa alibandika orodha mlangoni. Orodha ilikuwa na majina ya wagonjwa wa juma lijalo, na siku ya kila mmoja kuja. Wengine walikuja kupimwa presha, wengine kuchanja watoto, wengine kuchukua dawa. Kwa miaka sita Kadzo aliipiga orodha hiyo kwa taipureta, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1998 zahanati ikapata kompyuta na mashine yake ya kuchapisha. Kadzo alifunzwa kwa siku mbili tu. Akaingiza habari zote za wagonjwa katika jedwali moja: jina, siku ya kuja, ugonjwa, dawa, na mahali mtu anapokaa. Kuandika hakukumshinda. Kilichomshinda ni kuchapisha.

Alitaka majina na siku tu. Lakini kila alipobonyeza kitufe cha kuchapisha, mashine ilitoa jedwali zima, kurasa kumi na mbili. Siku moja aliburuta kipanya juu ya majina na siku mpaka sehemu ile ikawa nyeusi. Akabonyeza kitufe kile kile. Yakatoka yote vile vile. Kadzo hakuelewa. Ameionyesha mashine anachotaka, mbona inampa asichotaka?

Mwishowe alishika mkasi. Alikata majina na siku, akabandika vipande mlangoni. Kurasa nzima zilizotoka bure alipojaribu tena na tena, pamoja na mabaki, alizitupa katika boksi chini ya meza. Msafishaji alilichukua boksi kila Jumamosi, na Kadzo hakuwahi kuuliza lilikwenda wapi.

Jioni moja mumewe, Kiti, alirudi kutoka Shimanzi, alikokuwa hamali katika maghala. Alileta viazi karai, vingali moto. Binti yao Mercy alipokwisha kula, Kiti aliikunjua karatasi iliyofungiwa viazi. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la gumbaru, na tangu hapo hakuacha karatasi ipite bila kuisoma.

"Mama Mercy," alisema, "huyu si Kasyoka wetu?"

Kidole chake kilikuwa juu ya jina. Kisha kikasonga mbele polepole. "Kifua kikuu," akasoma.

Kadzo akainyakua ile karatasi. Ilikuwa na mafuta na ukwaju, lakini aliijua. Ilitoka kwenye mashine yake.

Kasyoka alikuwa mshonaji, mpangaji wa chumba cha pili katika nyumba hiyo hiyo. Alianza dawa mwezi uliopita, na hakumwambia mtu. Mwenye nyumba alikwisha kumtoa mpangaji mmoja kwa sababu ya kikohozi tu. Kadzo alimsihi mumewe asitamke neno. Kiti aliahidi, ila hakuacha kuuliza karatasi ya zahanati ilifikaje kwenye viazi. Kadzo akalikumbuka boksi la chini ya meza. Usiku ule hakupata usingizi.

Asubuhi alikwenda kwa muuza viazi, Bi Mwanaesha, aliyekaa na karai lake karibu na Marikiti. Bi Mwanaesha alishangaa. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, na karatasi hizo alikuwa akizinunua kwa msafishaji wa zahanati. Kadzo alinunua bunda lote lililobaki. Aliuliza ngapi zimekwisha kutumika.

"Tangu Jumamosi?" Bi Mwanaesha alisema. "Mwanangu, watu wala viazi kila siku. Nitazihesabu vipi?"

Kadzo alilibeba lile bunda mpaka kwa Sista Jael, muuguzi mkuu wa zahanati, akamweleza yote. Alingoja kufukuzwa. Sista Jael alizipitia zile kurasa moja moja. Kisha akasema kosa si la Kadzo peke yake, maana yeye mwenyewe aliziona zile kurasa chini ya meza kila siku na hakuuliza. Waliziteketeza pamoja uani. Halafu Sista akampigia simu Ngumbao, jamaa aliyefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Shimanzi.

Ngumbao alifika alasiri. Alimwambia Kadzo afanye kama afanyavyo siku zote, naye atazame. Kadzo akaiweka nyeusi sehemu ya majina na siku, akakipeleka kipanya kwenye kitufe cha kuchapisha.

"Hapo hapo," Ngumbao alisema. "Kitufe hicho hakitazami ulichochagua. Chenyewe hutoa jedwali zima. Nenda kwenye neno faili, juu ya kioo, ufungue kisanduku cha kuchapisha. Humo utaulizwa: wataka yote, au sehemu uliyoichagua? Wewe jibu: sehemu niliyoichagua."

Kadzo alijibu hivyo. Kabla ya kuchapisha, Ngumbao alimwonyesha namna ya kuuona ukurasa kwanza kwenye kioo cha kompyuta. Majina na siku, hakuna kingine. Ndipo wakaiachia mashine.

Akamfunza na njia ya pili, kwa kazi ya kila juma. Ukichagua sehemu yako, utaiambia kompyuta kwamba hilo ndilo eneo la kuchapisha. Kompyuta italikumbuka. Baada ya hapo hata kile kitufe kitatoa eneo hilo tu. Kadzo aliuliza mara nne, na mara nne Ngumbao akarudia. Kuhusu karatasi zinazoharibika, Sista Jael alitoa amri: zichanwe na kuchomwa, zisiondoke zahanati.

Jioni ile Kadzo alipiga hodi kwa Kasyoka. Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko kumwambia Sista. Kasyoka aliacha cherehani, akasikiliza bila kukatiza.

"Nitolee jina langu mlangoni," alisema. "Hiyo mashine yenu siitaki."

Jumatatu ilikuwa siku yake ya dawa. Hakuja. Kadzo alijua, kama ajuavyo kila afanyaye kazi zahanati, kwamba dawa ya kifua kikuu haikatizwi. Ukiikatiza, ugonjwa hurudi na nguvu mpya.

Siku hiyo hiyo mama mmoja akalalamika kwamba jina lake halimo mlangoni. Kadzo alitazama kompyuta: limo, chini kabisa. Alitazama karatasi: halimo. Wagonjwa sita wapya hawakuwemo. Alimpigia simu Ngumbao, naye akamuuliza kama aliwaongeza chini ya mstari wa mwisho. Ndivyo alivyofanya. Kompyuta ililikumbuka eneo la zamani, na wale wapya walikuwa nje yake. Ilimbidi achague upya mpaka mstari wa mwisho, kisha aliweke eneo tena. Alifanya hivyo, akawahesabu wote sita kwenye kioo, akachapisha.

Kisha akatoka kwenda kumleta Kasyoka. Hakumbembeleza sana. Alimwomba aje aone kwa macho yake, halafu aamue. Kasyoka alimfuata huku amekunja uso. Kadzo akamketisha mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa kama utakavyotoka. Kasyoka alisoma kutoka juu mpaka chini, jina na siku, jina na siku.

"Na ugonjwa uko wapi?"

"Umo ndani. Hauji kwenye karatasi mpaka niuchague, na siuchagui."

Kasyoka aliendelea kutazama. Akauliza anayesoma mlangoni atajuaje kama fulani amekuja kwa presha au kwa kifua. Kadzo akasema hawezi kujua. Kasyoka akainuka, akaingia kwa Sista Jael, akameza dawa yake ya siku ile.

Mwenye nyumba hakupata kusikia lolote. Karatasi nyingine zilikwenda wapi, Kadzo hakujua, na jambo hilo lilimsumbua kwa muda mrefu. Lakini Kasyoka hakukosa siku nyingine. Mwezi wa nane wa kumeza dawa alipimwa makohozi, akaambiwa amepona. Ijumaa iliyofuata alipita mlangoni, akaisoma orodha yote kwa kidole. Jina lake halikuwemo, na safari hii hakuna aliyeomba litolewe.