Honi ya Baba

Jioni ile Fundi alikwenda kwa mdogo wake kubadilisha feni ya kompyuta. Akamaliza upesi, akaiwasha. Mdogo wake, ambaye nyumbani kote huitwa Kitinda, alikuwa anatoka kununua mkate.

"Kaka, kile kifurushi cha mafaili ya treni usikifumue," alisema mlangoni. "Mchezo unakisoma hivyohivyo kilivyofungwa."

Fundi akaitikia, lakini moyoni alikuwa anawaka. Mchezo wa kuendesha treni waliucheza wote wawili, ila ni Kitinda aliyeuongezea treni ya marehemu baba yao, dereva wa reli, na watu wasiomjua wakamsifu mtandaoni. Kitinda huyohuyo aliyekuwa akipakatwa. Yeye Fundi baba alimwita "wewe", basi. Kilichomkera zaidi ni ile honi, ndefu, inayokatika mwishoni, ya baba kabisa. Ameipata wapi?

Akakifumua.

Mafaili yakamwagika: mabehewa, reli, taa. Kisha faili moja la sauti, zito kupita yote. Akalibonyeza...

Honi. Kimya. Halafu kikohozi.

Chumba kikanuka grisi na moshi, kama koti la baba akitoka kazini.

"Kitinda... uko wapi, mwanangu?"

Waya wa spika ulikuwa haujachomekwa.

Fundi hakukimbia. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya wivu kuliko hofu. Hata kaburini mzee anamtafuta yuleyule!

Kitinda aliporudi akaona kioo cha kompyuta, mkate ukamponyoka. Akaeleza kwa kunong'ona kwamba sauti ile hakuirekodi yeye. Ilikuja yenyewe kila jioni, ndipo akaifungia ndani ya kifurushi kile.

"Humo alitulia, kaka. Sasa umemtoa."

Wakayafunga mafaili upya. Lile la sauti halikuwemo tena.

Fundi akarudi kwake, akatia komeo. Hakukaa sana, moshi ukapenya chini ya mlango. Grisi. Kikohozi.

"Kitinda... nifungulie, mwanangu."

Angenyamaza, pengine kitu kile kingepita. Lakini tangu utotoni alikuwa na kiu ya neno hilo, hata kama ni la kuiba. Akasogea mlangoni, akaibana sauti ifanane na ya mdogo wake.

"Naam, baba."

Kikohozi kikasogea karibu.

"Afadhali nimekupata. Nionyeshe alipo kaka yako. Yeye ndiye niliyemfuata."

Fundi alikuwa ameshika komeo, na upande wa pili kuna mkono ulioanza kulivuta.