Alama za Siku Moja

Kila Ijumaa baada ya masomo, wanachama wa klabu ya kompyuta walikimbilia chumba cha mwisho, kile chenye mashine nane na feni moja yenye kelele kuliko upepo. Humo ndani kulikuwa na ligi ya mpira wa kikapu, na hakuna mchezaji aliyetoka jasho. Kila mwanachama alikuwa na timu yake ndani ya kompyuta. Wachezaji walikuwa wanafunzi halisi wa shule ile ile, walioingizwa kwa alama: kasi, pasi, kudaka na kufunga. Ukishaandika alama, mashine inachezesha mechi yenyewe, nawe unabaki kutazama na kuomba dua.

Aliyewapima wachezaji wapya mwaka huu alikuwa msichana wa darasa la saba. Wenzake walimwita Mizani, na jina hilo alilipenda sana mpaka wiki hii.

"Mizani, mizani yako imeota kutu!" alifoka mvulana mmoja akiipiga meza. "Yule Bosi wa darasani kwetu amenifunga vikapu kumi na tisa! Bosi huyu huyu, akitumwa chaki leo anarudi kesho!"

Chumba kizima kilicheka. Mizani hakucheka. Tangu ligi ianze hapakupita siku bila mtu kumsumbua. Hata msalani walimfuata.

"Kompyuta ndiyo mbovu," alisema huku amekunja uso. "Mimi niliandika nilichokiona."

"Fomu yako inasema uliwatazama siku tatu, kama sheria yetu inavyotaka," mwalimu wa kompyuta alisema kwa upole. "Basi tuendelee."

Neno lile "tatu" lilimchoma kuliko kelele zote. Mizani aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu.

Alifika nyumbani amevimba kwa hasira. Baba yake alikuwa fundi viatu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachonukia gundi na ngozi. Mizani aliutupa mkoba juu ya benchi.

"Taratibu, mama. Benchi limekukosea nini?" Baba aliuliza, msumari mmoja ukiwa umebanwa midomoni.

"Nimechoka, Baba! Nafanya kazi ya bure, halafu natukanwa mimi!"

Kabla Baba hajajibu, msichana mwembamba, mrefu, aliingia. Alikuwa mwanafunzi mpya, na wote walimwita Kijiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Viatu vyako vya michezo bado. Soli moja imebaki."

"Nipe tu hivyo hivyo. Sichezi tena."

Baba aliutoa msumari mdomoni. "Kulikoni?"

"Muulize huyo," Kijiti alisema, akamwonyesha Mizani kwa kidevu. "Kufunga, kumi na nane kwa mia. Karatasi ameibandika ukutani, shule nzima imesoma. Sasa jina langu ni Kumi na Nane."

Mizani aliruka kutoka alipokaa. "Nilihesabu kwa macho yangu! Ulirusha mara ishirini na mbili, ukafunga mara nne tu!"

"Siku gani?"

"Alhamisi."

Kijiti alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. "Alhamisi ni siku ya mkono dhaifu! Kocha anatangaza mwanzoni kabisa: wa kulia arushe kwa kushoto, wa kushoto arushe kwa kulia. Bosi ndiye pekee anayedanganya. Kocha akigeuka tu, anarudi kwenye mkono wake wa kulia, tena anasogea mpaka chini ya kikapu. Wewe hukusikia?"

Mizani hakusikia kwa sababu alichelewa. Alifika mazoezi yakiwa yameshika moto, akakaa pembeni na daftari, akahesabu. Alijiona hodari kweli kweli! Kumbe aliyempa alama tisini na moja alikuwa mdanganyifu, na wote waliotii walipata alama za aibu.

"Na hizo siku nyingine?" Baba aliuliza. "Si nasikia mnapima siku tatu?"

Mizani alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hakuna siku nyingine, Baba. Nilikwenda moja. Niliandika tatu."

Baba hakupandisha sauti. "Karatasi uliibandika mbele ya watu," alisema. "Kaibandue mbele ya watu." Kisha akamgeukia Kijiti. "Viatu niachie mpaka nimalize, binti. Usipovitaka, nitavivaa mimi."

Vidole vya miguu mikubwa ya Baba vilikuwa vinachungulia nje ya kandambili. Kijiti alitabasamu bila kupenda, akaenda zake.

Jumamosi na Jumapili Mizani alitafuta visingizio, asipate hata kimoja cha kusimama nacho. Jumatatu aliibandua karatasi mbele ya wote, akawaeleza wanaklabu yote. Kelele zilizopigwa hazisemeki, maana mechi zote zilifutwa, hata za walioshinda. Mwalimu alimpa fomu mpya.

"Kila siku utakayotazama, kocha atatia saini," alisema. "Na mwakani kazi hii atapewa mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, Mizani."

Hilo lilimuuma sana, lakini la Kijiti lilimuuma zaidi. Alimfuata darasani kwake wakati wa mapumziko.

"Zile alama si zako," alisema. "Ni za uvivu wangu na uongo wangu. Nisamehe."

"Na wanaoniita Kumi na Nane?"

"Nitawaambia mmoja mmoja."

Aliwaambia kweli. Ilimchukua mapumziko ya siku mbili, na wengi walimcheka yeye badala ya Kijiti. Alivumilia. Safari hii aliwahi uwanjani kabla ya kocha, siku zote tatu, akahesabu mkono wa nguvu na mkono dhaifu. Siku ya kwanza Kijiti hakuonekana. Siku ya pili alikuja na viatu vyenye soli mpya. Siku ya tatu, kwa mkono wake wa kulia, alifunga vikapu kumi na saba kati ya ishirini. Bosi, safari hii akirusha kutoka mbali kama wenzake, alifunga sita.

Jioni ile Kijiti alipitia karakana, maana viatu vilimpwaya na alihitaji soli za ndani. Baba alimsimamisha juu ya kipande cha boksi, akauchora mguu wa kulia. Kisha akamwambia aweke na wa kushoto.

"Si umeshapima mmoja, Baba?" Mizani aliuliza.

"Mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, mwanangu. Nikipima mmoja nikaandika miwili, mimi nitakaa hapa nimestarehe, na mwenye kiatu ataumia njia nzima. Ukipewa kazi ya kumpima mtu, mtazame mpaka mwisho. Na kama hukumtazama, sema hukumtazama."

Alimpa penseli. "Huo wa pili pima wewe."

Mizani alipiga magoti, akaizungusha penseli kando ya mguu wa kushoto polepole, kisigino mpaka kidole gumba. Alipomaliza, akamwomba Kijiti auweke tena ule wa kulia, akaupima upya.