Talaka Moja ya Nashwan

"Umeniacha kwa simu, na leo unapiga kuniuliza nimekula nini?"

"Nijibu tu, Iftikar. Umekula nini?"

"Mkate na jibini ya moshi. Na pilipili."

Nilimsikia akimeza mate. Nashwan alikuwa mwanajeshi kambini Marib, huku kwetu Yemen. Mimi nilikuwa kwa baba, Taiz, nakaa eda. Alinipa talaka moja kwa hasira, kisa nilikataa kumfuata huko. Kabla eda haijaisha, neno lake moja tu lingenirudisha.

"Unakumbuka harusi yetu? Umeme ulikatika, shangazi yako akaimba gizani mpaka sauti ikamkauka."

"Na wewe ukanikanyaga shela, ukadhani umekanyaga paka!"

Tulicheka. Enzi zile watu walipanda juu ya paa kuutazama mlima Sabir, si kutazama ndege za vita.

"Binti wa Sabir," akasema, "nina neno..."

Kishindo. Simu ikafa.

Adhuhuri mtaa mzima ulishajua: kombora limeipiga kambi, wanajeshi wakiwa kwenye chai ya asubuhi. Wamekufa makumi. Nilipiga simu yake mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku ya tatu ikaingia namba ngeni.

"Iftikar."

Nikakaa chini palepale jikoni.

"Nipo hospitali. Mguu wa kushoto haupo. Yahya, tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja, pia hayupo. Kikosi changu chote, Iftikar..."

Akalia. Nikamwacha alie.

"Lile neno ulilotaka kuniambia ni lipi?"

"Liache. Wewe bado kijana, tafuta mwanamume mzima."

"Eda yangu inaisha kesho. Sema."

"Unanionea huruma."

"Huruma nilikuonea ulipocheza ngoma na jambia likakuponyoka, likatua kwenye wali wa wageni. Leo nina hasira. Sema!"

Nikasikia mgonjwa wa kitanda cha pili:

"Mwambie basi, bwana! Wengine tuna maumivu hapa!"

Nashwan akacheka huku analia.

"Nimekurejea, Iftikar. Wodi nzima mashahidi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani huyo?"

"Mume wangu, baba."

Miaka tisa imepita. Jioni nyingine Nashwan huanza kunisimulia kichekesho cha Yahya, anacheka, halafu anasahau kinavyoishia. Namshika mkono tu. Waliokuwa wanakijua mpaka mwisho walikufa wote asubuhi ile.